Tupeane uzoefu: mgonjwa ndani, vyombo nje, na bado mtu unapata cha kushukuru?

Mama Kigoda (mwenye uzi)

Habari za jioni wapendwa. Naandika nikiwa uani, vyombo vya mchana viko kwenye beseni mbele yangu na sijavigusa, kwa hiyo nisameheni nikiandika ovyo.

Mama yangu mzazi alipata kiharusi mwezi wa pili. Tulimtoa Korogwe tukamleta kwangu Tabata. Ana miaka 71, mkono na mguu wa kulia havifanyi kazi. Hospitali walitufundisha kumgeuza kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda vya kulala, na kumfanyisha mazoezi ya viungo asubuhi na jioni. Nina watoto watatu, mdogo yuko darasa la pili. Mume wangu ni dereva wa malori ya Tunduma, kwa mwezi namwona siku sita, saba. Maji ya mtaani kwetu yanatoka usiku wa manane, ukilala umeyakosa. Na dada wa kazi aliomba ruhusa Jumamosi akasuke nywele, hajarudi, simu haipatikani. Leo ni siku ya kumi na moja.

Alhamisi iliyopita nilikaa kwenye hiki kigoda nikalia. Si kilio cha kujificha, ni kile cha msibani. Mama akanisikia. Siku hizi maneno yake hutoka kwa shida, moja moja. Akaita, nikaenda nikijua anataka kujisaidia. Akasema, "Mchele." Nikamwambia chakula bado, mama. Akatikisa kichwa. "Ungo."

Nikampangia mito mgongoni, nikamwekea ungo mapajani na mchele kilo moja. Akaanza kuuchambua kwa mkono wa kushoto, mkono ambao maisha yake yote hata kijiko hakuwahi kuushikia. Anasogeza punje kwa kidole kimoja, akikuta jiwe analisukuma mpaka ukingoni, linamponyoka, analifuata tena. Ilimchukua zaidi ya saa nzima. Mawe manne, na chuya sikuzihesabu. Aliponirudishia ungo jasho linamtoka, na kaukunja uso vilevile alivyokuwa akiukunja zamani akimaliza kazi yake na kukukuta wewe bado unazubaa.

Miezi yote hii nimemgeuza, nimemlisha, nimemwosha, sikuwahi kumpa hata kazi moja ya kufanya. Usiku ule nilichukua daftari la hesabu la mtoto lililobaki kurasa, nikaandika: "Mama amechambua mchele." Tangu hapo naandika mstari mmoja kabla ya kulala. Siku nyingine ni "umeme haujakatika". Juzi niliandika "leo hakuna", nikalala zangu.

Ushauri sitaki jamani, nimepewa mpaka masikio yamejaa. Nataka uzoefu. Wewe mwenye mgonjwa, mwenye madeni, mwenye mtoto anayekutoa roho: siku unaimalizaje, na nani anakushika mkono?

Anika Nguo

Pole mwaya. Nimekaa kwenye kona yangu nasoma. Ya kwangu nitaileta nikimaliza kuanika, maana hapa mawingu yameshaanza kujikusanya.

Mkavu wa Kimara

Nitasema ukweli hata kama nitaharibu uzi wa watu. Hilo neno "shukuru" mimi nimelichoka. Wanaoniambia nishukuru ni walewale ambao hawajawahi kunyanyua ndoo nyumbani kwangu. Shemeji yangu mmoja anakuja, anakaa kwenye kochi, anakunywa juisi, anaangalia nguo zilizorundikana, anasema "mshukuru Mungu dada, kuna ambao hawana hata nguo." Halafu anaaga.

Mwanangu wa pili ana selimundu. Wenye watoto hawa wanajua: maji ya kunywa wakati wote, baridi isimpige, vidonge vya foliki kila siku, chandarua usiku maana malaria kwake si mzaha. Na pamoja na yote hayo maumivu yanakuja tu. Usiku wa manane mtoto analia mifupa, wewe unakanda kwa kitambaa cha moto na unahesabu hela ya bajaji kichwani.

Mwaka jana tulilazwa siku tisa. Watu wengi walinipigia: "Nikusaidie nini?" Najibu "niko sawa, tuombeane." Mtu ukiwa umechoka hivyo, hata kufikiria usaidiwe nini ni kazi nyingine. Siku ya nne nikarudi nyumbani kubadilisha nguo, nikamkuta jirani yangu wa chumba cha pili, mama muuza vitumbua ambaye tulikuwa hata hatusalimiani vizuri kwa ajili ya ugomvi wa kamba ya kuanikia. Hakuniuliza nikusaidie nini. Aliuliza, "Sabuni yenu mnaweka wapi?"

Basi. Akafua kuanzia saa tatu mpaka adhuhuri, na zile nepi za usiku za mdogo wake zilizolala kwenye beseni siku nne, mnaweza kufikiria harufu. Mimi nilikaa kwenye ngazi namwangalia, nimeshika kikombe cha chai na hata sukari nimesahau kutia. Yule mama nitamshukuru mpaka kaburini. Shemeji, hapana.

Mpemba Mtulivu

Mkavu, hujaharibu uzi, umeunyoosha. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu. Sisi wengi tunairuka ile ya watu, tunakwenda moja kwa moja juu, maana kumwambia jirani "ahsante, bila wewe ningeanguka" kunahitaji mtu akubali kwamba alikuwa anaanguka. Mimi kumwambia mke wangu kulinichukua miaka. Ya kwangu ni hiyo tu, sina hadithi ndefu.

Anika Nguo

Mvua imenyesha. Nguo zote zimerudi ndani mbichi, ziko juu ya viti, juu ya friji, mlango umevaa kanga. Shukrani yangu ya leo: mashuka sikuwa nimeyaloweka.

Baba Madumu

Wakina mama naomba niingie, nimevua viatu.

Niko Mwanza, tumepanga juu kabisa kwenye miamba ya Bugarika. Wanaopajua wanajua: gari haifiki, mzigo wowote unapanda kwa miguu yako. Mke wangu ni muuguzi, anaingia zamu za usiku. Mimi kazi yangu ya stoo iliisha, mkataba haukuongezwa. Kwa hiyo nyumba ikawa yangu. Watoto wawili, na baba mkwe ambaye ana kisukari na mguu una kidonda.

Nilidhani nitaweza. Wiki ya kwanza uji uliungua mara tatu, siku moja nimemvalisha mtoto sare ya dada yake. Lakini kilichonishika ni maji. Dumu la lita 20 unalipandisha juu ya mawe, unafika goti linacheka. Kwa siku nyumba yetu inatumia madumu matano, siku ya kufua manane. Nilipanda mpaka siku ya tatu ndipo likanijia swali: huyu mwanamke amekuwa akirudi kutoka zamu na maji ninayakuta yamejaa pipa. Miaka tisa. Sikuwahi kuuliza yamefikaje.

Mama yangu alikuja kutusalimia kutoka Sengerema akanikuta nimechuchumaa nasugua sufuria. Alisimama mlangoni hakuingia. Jioni akaniita pembeni kwa sauti ya chini, "Mwanangu, niambie ukweli, umelishwa nini?" Nikamwambia mama nimelishwa dagaa, nimepika mwenyewe, na wewe utakula hapa hapa. Alikula. Alipomaliza akasema chumvi imezidi, na hiyo kwa mama yangu ni kama cheti.

Kuhusu nani ananishika mkono: kijana mmoja anayebeba mizigo kule chini. Nilikuwa namlipa dumu moja kwa siku, yale mengine najibebea. Siku nilipoteguka mguu alipandisha yote matano, akasema nitamlipa nikipata. Sijapata bado. Anaendelea kupandisha.

Mwana wa Muheza

Mimi niko Muscat, nafanya kazi za ndani mwaka wa tatu sasa. Huku tumewatangulia saa moja. Kwenu ikiwa saa kumi na moja alfajiri mimi huku ni saa kumi na mbili na nimeshaanza kuandaa vitu vya watoto wa watu. Wa kwangu wawili wako kwa mama yangu Muheza. Mama ana presha, vidonge anavisahau. Kwa hiyo kila siku nikiwa nasubiri maji yachemke napiga, nasema "mama, kidonge", anasema "nimeshakunywa", nasema "nisikie", anatikisa pakiti karibu na simu. Hayo ndiyo mazungumzo yetu ya asubuhi.

Kinachoniuma ni kwamba mimi naosha vyombo vya familia nzima ambayo si yangu, na binti yangu wa miaka kumi anaosha vya kwetu peke yake. Siku moja alinitumia picha ya sufuria. Hakuandika kitu, ni sufuria tu limegeuzwa juu ya kichanja, chini jeusi lile la kuni limesuguliwa na mchanga mpaka linang'aa. Nikaikuza picha nikaona uso wake kwenye ule mng'ao, mdogo kabisa, na mkono ulioshika simu ya bibi.

Ilinibidi niingie bafuni nifungue maji ili wenye nyumba wasisikie.

Sijui kama hiyo ni shukrani au ni kitu gani. Mama Kigoda, we andika tu kwenye daftari lako, mwenye jina la kitu hicho atalileta.

Bi Kisauni

Shoga zangu wa bara, huku Mombasa sisi tuna chama cha wamama kumi na wanne, kila Jumapili ya mwisho tunazungusha pesa. Mwenzetu mmoja alileta fikira kwamba kabla ya kupokea kila mtu aseme neno moja la shukrani. Tukaona vyema. Wallahi mwezi wa pili tu yakawa maonyesho! Huyu "nashukuru nimepata sofa", yule "nashukuru mwanangu kapita mtihani alama kubwa". Mimi wakati huo kijana wangu kaacha skuli, anashinda maskani na mume kanyamaza kama ukuta. Nikawa nasema "nashukuru uzima" kama mashine. Mwenzetu mwengine akaacha kuja kabisa.

Tulipomfuata nyumbani akasema, "Sina sofa la kushukuria." Hapo tukabadilisha. Sasa wataja kwanza lililokulemea mwezi huo, kisha ndiyo lile jengine ukiwa nalo. Usipokuwa nalo wanyamaza, biriani inapakuliwa. Kijana wangu nilimtaja hapo, na mume wa mmoja wetu mwenye gereji akamwita akashike spana. Kwenda anaenda. Siku nyengine haendi.

Mzee wa Jiko

Mke wangu amepoteza kumbukumbu, mwaka wa nne huu. Nampikia mimi. Huniuliza "wewe nani?" Namwambia mimi mpishi. Jana alimaliza ndizi na nyama yote, akaniambia, "Mwambie mwenye nyumba akuongeze mshahara."

Mkavu wa Kimara

Mzee umenichekesha na umeniliza kwa mpigo mmoja. Na vitumbua nilivyonunua leo kwa yule jirani nimekataa chenji, tumegombana tena.

Mama Kigoda (mwenye uzi)

Nimerudi, nilipotea wiki mbili. Nimesoma zote, nyingine nimemsomea mama. Ile ya mshahara alicheka kwa upande mmoja wa mdomo.

Ile ya "sabuni mnaweka wapi" ilinifanya nifikirie upande wangu. Nina kaka Dodoma. Kila mwisho wa mwezi anatuma hela, tena nzuri, na kila akipiga anauliza "mnaendeleaje?" nami nasema "tunashukuru." Safari hii nilimpigia nikasema: kaka, hela hii usitume, ipande basi. Njoo Ijumaa uondoke Jumapili, nataka kulala. Alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata.

Alikuja. Mama akamkataa kumwogesha, mtoto wa kiume hawezi, na hilo sote tulilijua. Kumgeuza alikubali. Basi kaka akawa anaamka kila saa mbili kwa kengele ya simu, anamgeuza, anaweka mto katikati ya magoti kama nilivyomwonyesha, anarudi kwenye mkeka. Maji ya usiku alikinga yeye. Sufuria langu la wali ameliunguza halitamaniki. Jumamosi nililala saa mbili na nusu usiku nikaamka jua liko dirishani, nikashtuka nikidhani kuna msiba, mbona nyumba imetulia. Nikawakuta wako kibarazani. Kaka anamsomea mama lile daftari langu, mstari kwa mstari, pamoja na zile "leo hakuna". Nilitamani ardhi inimeze. Mama akanyoosha kile kidole cha kushoto akaonyesha ukurasa, akasema, "Andika. Amelala."

Kwa hiyo wa Jumamosi umeandikwa na kaka, kwa mwandiko wake mbaya.

Halafu leo mchana imeingia meseji kwa namba ngeni: "Shkamoo dada, ni mimi, nimemaliza kusuka." Siku ya ishirini na tano! Hizo nywele zitakuwa zinafika Kibaha. Sijamjibu bado, tuna maharage hapa ya kuchambua na mama ameshatangulia, mimi ndiye ninazubaa.