Tupeane uzoefu: mliosomea udaktari Uganda, chuo chako kina nini na kinakosa nini?

BintiBombo:
Asalaam aleikum na habari zenu wote. Majibu ya S6, yaani kidato cha sita, yakitoka tu simu yangu haipumziki, dada nimepata pointi kadhaa niweke chuo gani, mara mzazi anauliza eti Makerere ni Makerere kweli au watu wanapenda jina. Nimechoka kujibu mmoja mmoja, so tuweke hapa pamoja, kila mtu aseme alikosoma yeye mwenyewe, si alikosikia binamu yake alisoma. Nianze mimi.

Nimesoma Mbarara, MUST (Mbarara University of Science and Technology), chuo cha tangu 1989, na hospitali ya rufaa ya mkoa iko hapohapo, unatoka lekcha unavuka uani uko wodini. Watoto nawaambiaga wasiangalie geti waangalie wodi, maana ukishaingia mwaka wa tatu wodi ndo darasa lako, na kama chuo kina jengo la vioo alafu mko ishirini mmezunguka kitanda kimoja, wewe wa nyuma unasoma mgongo wa mwenzio tu. Mbarara nilishika wagonjwa. Pia wanatupeleka vijijini kukaa kwenye vituo vya afya, huko unaona ugonjwa kabla haujafika hospitali kubwa.

Ugumu wangu ulikua lugha. Mimi Mnubi, nyumbani Kinubi na Kiswahili, Luganda ya sokoni naipiga, alafu unakutana na mzee katoka Isingiro anaongea Runyankole tupu. Nesi anakutafsiria leo, kesho anakutafsiria, keshokutwa anakuambia mwanangu jifunze. Nikajifunza agandi, yaani habari. Sasa shida ndo ikaanza, maana ukisema agandi mzee anajua huyu wetu, anakumwagia historia yote ya tumbo lake tangu enzi za Amin, mimi nimeshika kalamu hewani sijaandika hata neno. Mwishowe ikakubali lakini anayechagua chuo ajiulize kabisa, wagonjwa wa huko wanaongea nini na mimi niko tayari kujifunza?

Haya, mwingine.

WandegeyaBoy:
Wa Makerere nipo. Skuli ya udaktari ya tangu miaka ya 1920, na jina lina kazi yake usidanganywe, ukienda kuomba masters au utafiti nje wanalijua. Saratani ya lymphoma inayoitwa Burkitt, aliyeiandika mwaka 1958 alikua daktari wa upasuaji hapa hapa hospitali ya Mulago. Maspeshalisti wapo wa kila aina, kitu ambacho vyuo vipya bado wanahangaika nacho.

Lakini wazazi wanadhani mtoto atakaa Mulago tu miaka mitano. Tangu Mulago ianze kukarabatiwa idara zikagawanywa, magonjwa ya ndani mengi yakaenda Kiruddu huko upande wa Makindye, uzazi ukaenda Kawempe barabara ya Bombo. Kwa hiyo rotesheni ikikutupa Kiruddu na hosteli yako iko Wandegeya, piga hesabu ya taksi na boda na jam ya Kampala asubuhi, na raundi haikungoji. Hiyo hela haimo kwenye karatasi ya ada, mzazi anaisikia tu kwenye simu, "baba nitumie ya boda."

Kingine, hii ni kwa hospitali yoyote kubwa ya kufundishia si moja. Panapokua na SHO wengi, madaktari wanaosomea uspeshalisti, SHO ndo anashika kisu, intani aliyemaliza digrii juzi anafuata, na wewe wa mwaka wa nne unashika mwanga. Lazima uwe na uso mgumu, uje usiku, uombe. Wanaokuja usiku ndo wanaoshika. Na jiandae kisaikolojia, kila mtu darasani alikua namba moja shuleni kwao, sasa namba moja mko zaidi ya mia mnaangaliana.

AruaMkubwa:
Salam ndugu zangu. Mimi nilienda Gulu, watu nyumbani Arua wakaniuliza umekosa Kampala? Sikukosa, niliweka Gulu mwenyewe juu nilikua nataka upasuaji na kaka mmoja wa kwetu aliniambia kule mkono unafanya kazi. Chuo kilianza 2002 na kitivo cha udaktari miaka miwili baadaye, so si cha zamani, lakini mnasoma hospitali mbili, ya rufaa ya serikali pale mjini na Lacor ya wamisionari. Kwa wasioijua Lacor, ndiko alikokua Dokta Matthew Lukwiya aliyefariki kwa Ebola Desemba 2000 akihudumia wagonjwa wake na manesi wake. Ukisoma pale hilo jina unalisikia, na ukianza kuvaa glavu ovyo ovyo kuna sista atakukumbusha.

Darasa dogo, mwalimu anajua jina lako, na akijua jina lako anajua pia hukuja jana. Hii ni faida au hasara inategemea wewe ni mtu wa aina gani haha. Lugha, mimi ni Mlugbara na Acholi na Lugbara haviingiliani hata kidogo, nilianza sifuri na "kop ango" yangu, habari ya Kiacholi. Kiswahili kilinisaidia kwa wanajeshi na familia zao tu.

Kilichopungua niseme ukweli ni mambo ya nje ya darasa. Mji mdogo, ukitaka kozi fupi au semina kubwa ni basi mpaka Kampala. Lakini mtoto wa kutoka West Nile maisha ya Gulu anayaweza kuliko ya Kampala, chakula na chumba si bei moja.

MamaBusia:
Wanangu mimi si daktari, ni mama nauza mitumba hapa mpakani, binti yangu yuko Mbale, Busitema kile kitivo chao cha afya. Naomba niongee upande wa mfuko maana nyie mnaongea wodi tu.

Serikali inalipia wanafunzi kama 4,000 kwa mwaka vyuo vya umma vyote na kozi zote, sasa fikiria udaktari wanapata wangapi. Kuna wanaoingia kwa alama za nchi nzima na kuna nafasi za wilaya, msizidharau za wilaya jamani, nendeni mkaulize mapema vitu gani vinatakiwa kuonyesha mtoto ni wa wilaya hiyo. Wangu alikosa zote mbili. Tukaomba mkopo wa bodi ya serikali ule ulioanza 2014, wanapenda kozi za sayansi, tukapata. Lakini sikilizeni vizuri, ule mkopo unalipa ada ya chuo, haulishi mtoto wala haumlazi. Chumba, posho na maharage, koti jeupe, stethoskopu, vitabu, vyote ni mama. Na ile stethoskopu msinunue ya bei rahisi barabarani, yake ilikufa muhula uleule.

Alafu mnahesabu miaka mitano, mimi nahesabu sita na zaidi. Baada ya mitano kuna mwaka wa intani, na kupangiwa intani wanaweza kukaa nyumbani wakingoja, tumeona wale watoto wakiandamana Kampala. 2023 hela yao ya intani ikashushwa mpaka milioni moja kwa mwezi. Mzazi ujue mtoto akimaliza leo kesho hakuletei kitu.

Kuhusu masomo yenyewe anasema wanapewa kesi, wanajadili wenyewe kikundi, mwalimu anakaa anasikiliza. Mwanzo alilia eti hatufundishwi. Sasa hivi anaongea mpaka baba yake anaogopa kukohoa mbele yake.

BintiBombo:
Mama umeniua na hapo kwenye kukohoa 😂 Asante kwa ya mkopo, wengi hawajui.

KageraKwetu:
Habari wadau, mimi Mtanzania wa Bukoba nilisoma KIU (Kampala International University) ile kampasi ya magharibi, Ishaka huko Bushenyi. Watu wanashangaa kwa nini nivuke mpaka, jibu ni rahisi, nyumbani nafasi zilibana na kwa mtu wa Kagera Ishaka ni karibu kuliko Dar. Unavuka Mutukula, Masaka, Mbarara, umefika. Na Kihaya na Runyankole ni ndugu kabisa, dada wa juu amehangaika na agandi mimi wiki za mwanzo tu nilikua nachukua historia ya mgonjwa, wanacheka lafudhi yangu lakini tunaelewana.

Kizuri kingine, darasa lina Wakenya, Watanzania, Wakongo, Wanigeria, Kiswahili kinatembea korido nzima. Ishaka ni mji mdogo, hakuna pa kupotelea, unasoma au unalala.

Sasa mnaotoka Tanzania, kabla hujalipa hata shilingi nenda TCU, tume ya vyuo vikuu ya Tanzania, uchukue cheti cha kutokua na pingamizi, na ukimaliza utarudi kwao tena kutambuliwa shahada yako kabla ya Baraza la Madaktari. Nimeona watu wanakumbuka hayo wakiwa wameshashika digrii mkononi, ni mateso. Na ada ya chuo binafsi inapanda, uliza kwa maandishi kama ada unayoingia nayo ndo utakayomaliza nayo. Wakikujibu kwa mdomo, hujajibiwa.

OtisMalaba:
Niongezee kwa Wakenya, KCSE, mtihani wetu wa kumaliza sekondari, peke yake Uganda haitoshi kuingia digrii moja kwa moja juu wenzetu wana S5 na S6. Utapitia HEAC, cheti cha maandalizi ya chuo, mwaka mmoja hivi. Hakikisha hiyo HEAC yenyewe imeidhinishwa na NCHE, baraza la elimu ya juu la Uganda, kuna watu wamefanya ya uchochoroni wakaambiwa warudie.

JinaKapuni:
Mimi chuo sitakitaja na msiniulize. Niliingia kikiwa kipya, brosha safi, maabara safi, daktari anayecheka kwenye picha. Anatomia mwaka wa kwanza mwalimu mmoja aliondoka katikati ya muhula, wa kumrithi akawa anakuja wikendi kutoka chuo kingine, anafundisha kutwa nzima Jumamosi mpaka macho yanatoka maji, alafu haonekani wiki mbili. Maiti za kufanyia dissekshen tulikua kundi kubwa kwa moja, wengine hawakugusa kabisa wakajifunza kwenye video za simu. Kufika miaka ya hospitali tukaambiwa kuna makubaliano na hospitali fulani, kufika kule wenyeji wanafunzi wa chuo kingine ndo wana haki ya kwanza, sisi tunasimama mlangoni. Nikahama, nikapoteza muda na hela.

Kwa hiyo mimi siulizi tena chuo kina umri gani, kuna vipya vinafanya vizuri tu. Nauliza vitu hivi. Kiko kwenye orodha ya Baraza la Madaktari, UMDPC? Mabaraza ya Afrika Mashariki yanakaguaga vyuo kwa pamoja, je hiki kimeshakaguliwa na wamesemaje? Hospitali ya kufundishia ni yenu au mnaazima? Na mwalimu wa anatomia analala mji gani. Hilo la mwisho muulize mwanafunzi wa mwaka wa pili, usiulize ofisi ya udahili, mnunulie rolex (chapati na mayai) na soda kaa naye nje ya geti, atakuambia yote.

CO_wa_HCIV:
Naona wote mnaongelea watoto wa S6. Sisi tuliopita mlango mwingine tupo pia. Nilisoma diploma ya clinical, ya afisa tabibu, miaka mitatu, nikafanya kazi kituo cha afya, Health Centre IV, nikaomba udaktari kwa njia ya wenye diploma. Nafasi chache mno, alama za diploma zinaangaliwa na matokeo ya S4 na S6 usiyatupe yatatakiwa. Kazini nikaomba ruhusa ya masomo, mshahara ni hadithi ndefu.

Faida, wodini huogopi kitu, unaweka kanyula gizani. Hasara, baiokemia. Unakaa na watoto wa miaka kumi na tisa wanaokumbuka saiko ya Krebs kama jina la mama yao, wewe una watoto nyumbani na mke anapiga simu sukari imeisha. Nilichagua chuo karibu na nyumbani kwa sababu hiyo tu na sijutii, hao wanaosema fuata jina hawana familia.

NajmaS6:
Dada BintiBombo shikamoo. Mi nimepata pointi 16, bayo B, kemia B, fizikia C, GP (General Paper) na sub-math (hesabu ndogo) nimepita. Makerere ya serikali nina nafasi au nisijisumbue?

BintiBombo:
Marahaba mdogo wangu na hongera. Kwanza achana na hiyo 16, chuo hawaangalii 16, wanaangalia uzito. Bayo na kemia kwa udaktari zinazidishwa mara 3, la tatu kama fizikia mara 2. B ni 5, C ni 4. Kwa hiyo bayo 15, kemia 15, fizikia 8, jumla 38, weka GP 1 na sub-math 1 ni 40. Msichana Makerere wanakuongezea 1.5, uko 41.5, alafu kuna kidogo kidogo za S4 juu yake. Mwenzio mwenye 16 hiyohiyo ambaye C yake imekaa kemia na B ikaenda fizikia, anapata 37 pale wewe una 38, na udaktari watu wanaachwa kwa nukta.

Sasa ukweli, mwenye A tatu ana 48 kabla ya kuongeza chochote, kwa hiyo Makerere ya serikali kwa udaktari ni ngumu sana kwako, sikufichi. Weka hata hivyo kama moyo unataka, lakini nafasi nyingine usizijaze kozi za kujaza tu. Weka na vyuo vya umma vya mikoani, Gulu, Mbale, Soroti, Kabale, angalia kata-ofu zao, alama za chini kabisa walizochukua, za miaka iliyopita, zinapanda na kushuka usiziamini asilimia mia. Wilaya yako ni ipi? Na nyumbani mkikosa ya serikali wanaweza kulipa binafsi au tuanze na fomu ya mkopo?

NajmaS6:
Wilaya Luwero. Baba anasema muhula wa kwanza anaweza, baada ya hapo tuombe Mungu.

MamaBusia:
Mwambie baba fomu ya mkopo ajaze sasa hivi, na barua ya LC1, serikali ya kijiji, aichukue wiki hii kabla mwenyekiti hajasafiri.