Mdogo wangu ana waya kichwani, watafiti wa ubongo wanamtaka. Asaini?

Kipepeo_B: Wakuu, naombeni ushauri, jibu linatakiwa kesho asubuhi. Mdogo wangu ana kifafa miaka 11, dawa tatu zimegonga mwamba. Sasa kalazwa, wamemtoboa vitundu kwenye fuvu na kuingiza elektrodi, yaani waya nyembamba za kupima umeme wa ubongo, hadi ndani ya ubongo, ili kikimshika waone kinaanzia wapi ndipo waamue kumpasua au la. Kichwa bendeji tupu, waya zimeshukia begani, kamera inamtazama usiku na mchana.

Jana kikaja kikundi cha watafiti wa humo humo hospitalini, wanaochunguza jinsi ubongo unavyokumbuka. Wanataka aangalie picha kwenye kompyuta, baadaye aseme zipi keshaziona. Mwenyewe anataka, anasema bora hivyo kuliko kuhesabu vigae vya dari. Mama kagoma: "Mwanangu si panya." Mimi niko katikati.

Nahodha wa Zamu: Pole mkuu. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye vipimo vya umeme wa ubongo. Uliza hili kwanza: nani aliamua elektrodi zikae wapi? Inatakiwa ugonjwa ndio uamue, mtafiti aombe kusikiliza tu, yaani kurekodi ishara za ubongo. Halafu uliza kama watasikiliza tu au watapitisha umeme pia. Usikubali wakuchanganyie hayo mawili, maana umeme unaweza kuamsha kifafa.

Chuma cha Pua: Msiwaamini hivi hivi. Henry Molaison alikatwa sehemu ya ubongo pande zote mbili mwaka 1953 kutibiwa kifafa, akawa hawezi tena kuweka kumbukumbu mpya. Wakamchunguza mpaka anafariki 2008.

Nahodha wa Zamu: Mkuu, kilichomharibu ni upasuaji wa tiba. Waliomchunguza, Brenda Milner akiwemo, ndio waliofanya madaktari waelewe kwamba hipokampasi, sehemu ya ubongo inayosaidia kuweka kumbukumbu mpya, haitolewi pande zote mbili.

Chuma cha Pua: Sawa, hapo nimekupata. Ila mtu asiyekumbuka alichosaini jana, ridhaa yake ni ridhaa gani?

Nahodha wa Zamu: Hapo sikubishii.

Mlala Chali: Nililala na waya hizo siku 9, nikashiriki. Nyuso, wanyama, majengo, unabonyeza kitufe, basi. Ubongo wenyewe hausikii maumivu. Kilichoniuma ni ngozi ya kichwa, na taya nikitafuna. Siku moja walikuja saa mbili tu baada ya kifafa kunishika, kichwa kizito kama gunia la mchanga. Nikasema leo hapana. Binti akafunga kompyuta, akaniaga, akaenda zake. Hapo ndipo nilipowaamini. Mwambie mdogo wako aseme hapana mapema, hata kama anataka, aone wanavyoipokea.

Kipepeo_B: Mrejesho, wakuu. Ni kusikiliza tu, hakuna umeme, na elektrodi aliziweka daktari wake kwa ajili ya tiba. Kwenye fomu kuna mstari unaosema anaweza kujitoa wakati wowote na matibabu yasiguswe. Mama kausoma mara mbili, kidole juu ya kila neno. Asubuhi dogo kawajaribu na "hapana" yake, wakaondoka bila neno. Mchana kawaita mwenyewe. Mama kakubali kwa sharti moja: kiti chake kiwe pembeni ya kitanda, na yeye azione hizo picha.