Liechtenstein, Monako au Andorra: raia wa wapi ana nguvu zaidi mbele ya mtemi wake?

Msomaji wa Katiba
Wanajukwaa wenzangu, naomba tulinganishe nchi tatu ndogo za Ulaya ambazo hadi leo zinaitwa utemi. Swali langu ni hili: ni wapi raia wa kawaida anaweza kumzuia mtawala? Mimi naegemea Andorra. Katiba iliyopitishwa kwa kura ya maoni tarehe 14 Machi 1993 inatamka kwamba mamlaka ya nchi ni ya wananchi, na watemi wenza wawili, yaani Askofu wa Urgell na Rais wa Ufaransa, wamebakiwa na kazi ambazo kwa sehemu kubwa ni za heshima. Kabla ya hapo walitawala kwa msingi wa mapatano ya mwaka 1278.

Binti wa Mvita
Ahsante kwa mada, ndugu yangu. Monako tuiondoe mapema. Ni kweli kwamba ilipata katiba yake ya kwanza mwaka 1911, baada ya wananchi kuandamana mwaka uliotangulia, lakini mtemi Rainier III aliweza kuisimamisha mwaka 1959, na hata katiba ya 1962 inaifanya serikali iwajibike kwa mtemi, si kwa bunge. Linalonikera zaidi ni kwamba raia hawana njia ya kuitisha kura ya maoni.

Mzee wa Maktaba
Wanangu, msiipite Liechtenstein haraka. Ukoo wa Liechtenstein ulinunua Schellenberg mwaka 1699 na Vaduz mwaka 1712 kwa sababu ulitaka kiti katika baraza la Dola Takatifu la Roma, yaani muungano wa tawala za Ulaya ya kati, na mwaka 1719 Kaisari Karl VI akayaunganisha maeneo hayo kuwa utemi. Watawala wenyewe waliendelea kuishi Austria na kwenye mashamba yao ya Moravia. Wa kwanza kuhamia Vaduz moja kwa moja alikuwa Franz Joseph II, mwaka 1938. Kwa hiyo mwanawe, Hans-Adam II, aliposema kwamba angerudi Austria iwapo mapendekezo yake ya katiba yangekataliwa, watu walijua kwamba anao uwezo wa kufanya hivyo.

Mwaka 2003 asilimia 64 ya wapiga kura walimkubalia. Mtemi anaweza kuivunja serikali, na sheria asiyoitia saini ndani ya miezi sita huhesabiwa kuwa imekataliwa, hata kama wananchi wenyewe wameipigia kura. Hata hivyo katiba hiyohiyo inawaruhusu raia 1,500 kuanzisha hoja ya kuufuta utemi, bunge likaandaa katiba ya jamhuri, na hapo mtemi hana kura ya turufu. Kila wilaya kati ya 11 ina haki hata ya kujitenga. Sijui nchi nyingine ya kifalme iliyoandika mlango kama huo kwenye katiba yake, na kwa maoni yangu hilo lina uzito kuliko maneno mazuri ya Andorra.

Msomaji wa Katiba
Shikamoo, Mzee. Nakubali kwamba mlango upo, lakini haki ya kumwondoa mtemi kabisa si sawa na haki ya kupitisha sheria moja asiyoitaka. Mwaka 2011 Alois, mwana wa Hans-Adam II anayetekeleza kazi za baba yake tangu 2004, alitangaza kabla ya kura kwamba hataidhinisha sheria ya kuruhusu utoaji mimba. Mtu anapigaje kura kwa uhuru akijua jibu tayari limetolewa?

Mzee wa Maktaba
Marahaba. Lakini mwaka uliofuata wananchi waliulizwa swali hilohilo, kama mtemi anyang'anywe uwezo wa kuzuia matokeo ya kura ya maoni, na asilimia 76 wakakataa. Huwezi kusema hawakupewa nafasi.

Binti wa Mvita
Mzee, wingi huo tuusome pamoja na jambo jingine: wanawake wa Liechtenstein waliruhusiwa kupiga kura za kitaifa mwaka 1984 tu, kwa uamuzi wa wanaume. Wa Andorra walitangulia mwaka 1970. Mimi nabaki na Andorra, ingawa inaniuma kwamba mtemi mmoja huchaguliwa na Wafaransa na mwingine huteuliwa na Papa. Mkuu wa serikali, ambaye ndiye anayeongoza shughuli za kila siku, huchaguliwa na Baraza Kuu lenye wajumbe 28, na hao huchaguliwa na Waandorra wenyewe.