Naomba ushauri: niwaambie kabla au niwaache wajionee wenyewe?

Wakuu habarini, naombeni msaada wenu maana nyumbani pamegawanyika. Jumamosi niliwawekea washkaji ile muvi ya Kijapani ya 2017, One Cut of the Dead ya Shinichiro Ueda, inayohusu watu wanaoshuti muvi ya mazombi. Mnaoijua mnajua, mwanzo ni dakika 37 kamera haikatwi hata mara moja, na kwa kweli dakika hizo zinaonekana mbovu kabisa, watu wanasimama wanapiga stori za ajabuajabu, dada anapiga kelele mpaka unachoka, damu inarukia lenzi na mtu anaifuta kwa mkono tunaona hivihivi. Shemeji akasema hii ni takataka, akachukua funguo za bodaboda akaondoka kabla haijafika nusu.

Sasa sisi tuliobaki mpaka mwisho tulicheka hadi machozi, maana kila kitu kilichotukera mwanzoni kina sababu yake na huko mbele unaiona (siwamalizii utamu). Ila mdogo wangu naye aliiona yote na bado anasema muvi ya kukuvumilisha nusu saa nzima ni dharau kwa mtazamaji, na mimi sina la kumjibu.

Wiki ijayo nataka kumwekea mzee, ambaye huwa hana subira na riwaya wala muvi. Nimdokeze tu "vumilia dakika 40" au nikimdokeza nimeshaharibu? Mliowahi kuwaonyesha wazazi mlifanyaje?