Nina milioni 12: IST inayouzika haraka au Golf ya bei chee?

Kijana wa Goba (mleta mada)
Wadau, habari za jioni. Nimejichanga miaka mitatu, nina milioni 12 taslimu. Kila siku natoka Goba kwenda Posta, na mara mbili kwa mwaka napanda Iringa kuwaona wazee. Gari nilizoziona ni mbili. Ya kwanza ni Toyota IST ya 2005, cc 1300, namba D (yaani namba ya usajili ya mfululizo wa herufi D), muuzaji anataka milioni 11 na nusu na hapunguzi hata senti. Ya pili ni Golf ya Volkswagen (VW) ya 2009, 1.4 TSI, nayo namba D, milioni 7 na nusu na naona bado atashuka. Golf imetulia barabarani na ndani ni safi. Ila jirani yangu ananiambia IST hata nikiitumia miaka miwili nitarudisha karibu hela yangu yote, Golf nitazeeka nayo. Hiyo milioni 4 ya tofauti niilipie IST, au nichukue Golf na niiweke pembeni iwe ya matengenezo? Naomba hoja, nimechoka na ushabiki.

Baba Nuru
Chukua IST, funga uzi. Injini yake ya 2NZ ndiyo hiyo hiyo utaikuta kwenye Vitz, Platz, Funcargo na Probox ya 1300. Kariakoo unashuka saa tano, saa sita unaondoka na spea yako mkononi na chenji mfukoni. Siku umefikwa na shida, ukiitangaza asubuhi, jioni unahesabu hela. Tena shukuru ni namba D. Ingekuwa namba C ningekwambia kimbia. Namba C siku hizi utawauzia wanachuo wa ufundi wakajifunzie kufungua nati.

Mnyalukolo
Baba Nuru, nimekusoma kwa heshima mpaka nilipofika hapo kwenye namba C. Mimi naendesha Spacio namba B. Gari hiyo imepeleka watoto wangu wawili shule mpaka wamemaliza, imebeba mahindi kutoka Ilula, imempeleka mke wangu hospitali saa nane usiku mvua ikinyesha. Haijawahi kunilaza njiani. Halafu wewe unakuja kutupimia utu kwa herufi?

Baba Nuru
Mkuu Mnyalukolo, utu wa mtu sijaugusa. Nazungumzia soko. Dalali ukimpigia simu hakuulizi injini, hakuulizi ajali, anakuuliza "namba gani?" Ukisema B anakwambia nitakutafuta, na hakutafuti.

Dada wa Mbezi
Jamani, kijana ameuliza swali la hesabu, tumpe hesabu. Bei ya kuuzia unaipata mara moja tu, siku unayouza. Matengenezo unayalipa kila mara. Na hiyo sifa ya kuuzika, IST anakuuzia nayo kabisa, imo ndani ya ile milioni 11 na nusu. Tuseme baada ya miaka mitatu IST anaiuza milioni 8: kapoteza milioni 3 na nusu. Golf anaiuza milioni 5: kapoteza milioni 2 na nusu. Tofauti ni milioni 1 kwa miaka mitatu. Basi swali ni moja tu: je, Golf itakula zaidi ya milioni 1 kuliko IST katika hiyo miaka mitatu? Anayejua bei za spea atujibu hapo.

Mnyalukolo
Dalali ndiye anayetupangia thamani ya mali zetu sasa? Ndiyo maana vijana wanakopa saccos wanunue herufi. Namba D iliyokunywa maji ya mafuriko na namba B iliyotunzwa, ipi gari?

Suka wa Sinza
Mnyalukolo yuko sahihi, lakini mnunuzi hajui ilivyotunzwa. Herufi ndiyo kitu pekee anachokiona akiwa amesimama nje ya gari.

Fundi wa Gerezani
Naomba niseme kama mtu anayefungua hizi gari kila siku. Namba inakwambia gari ilisajiliwa lini Tanzania. Haikwambii ilitengenezwa lini. Wiki iliyopita nilikuwa na namba E ya mwaka 2004, na pembeni yake namba C ya mwaka 2008. Namba C ndiyo mdogo mtu, lakini kwa dalali ndiyo bibi kizee. Mnunuzi asome kadi, aangalie mwaka wa kutengenezwa, kisha alinganishe namba ya chesisi ya kwenye kadi na ile iliyogongwa kwenye bodi.

Na kwa nini gari kongwe iliyoingia juzi ina bei kali? Kodi. Ushuru wa forodha asilimia 25, VAT asilimia 18, ushuru wa bidhaa kwa kadiri ya cc, na uchakavu juu yake gari ikiwa ya zamani. Anayekuuzia namba mpya anataka umrudishie alichoacha bandarini.

Tena msidanganywe na rangi. Mwezi uliopita kijana mmoja aliniletea gari anataka kuilipia siku hiyo hiyo. Nje imepigwa nta, unajiona meno. Nikafungua kifuniko cha oili, nikakigeuza. Ndani kulikuwa na utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, ukiugusa unateleza. Maji yameshaingia kwenye oili, gasketi ya silinda hedi imekwenda. Hiyo ilikuwa namba D.

Mdau wa Thika
Hamjambo majirani. Huku Kenya gari ikishapita miaka 8 tangu isajiliwe mara ya kwanza ilikotoka hairuhusiwi kuingia, kwa hivyo herufi za namba zinakaribiana na umri wa gari. Nyinyi mnaruhusu magari wazee yaingie, ndiyo maana herufi zinawachanganya.

Baba Nuru
Mdau wa Thika, hao "wazee" tunawalipia uchakavu kwa hela yetu halali. Ndio waliomwezesha mwalimu na muuguzi kumiliki gari. Hiyo miaka 8 yenu imemnyima nani gari, umewahi kumuuliza?

Mdau wa Thika
Sijawatusi, kaka. Nimeeleza sheria ilivyo. Na wananchi wa kawaida hapa wanalia na bei, hilo silikatai.

Dada wa Mbezi
Narudia: matengenezo ya Golf kwa miaka mitatu yatazidi milioni 1 ya ziada au hayatazidi?

Kaka wa Uyole
Dada, nikujibu kwa yaliyonikuta. Nilikuwa na gari ya Kijerumani, kampuni siitaji. Niliinunua kwa ajili ya raha kama anavyotaka kijana, bei yake ilikuwa chini ya Premio. Mwaka wa kwanza nilitamba. Mwaka wa pili ikaanza kushtuka ikitoka gia ya kwanza kwenda ya pili. Nikaendelea kuiendesha. Desemba tunapanda mlima wa Kitonga, njia ya Iringa, mimi, mke na watoto, kona ya pili kutoka juu gia ikapotea. Injini inanguruma, gari haiendi. Nyuma yangu lori la mbao. Mke wangu alishuka na kanga kiunoni akawa anatafuta mawe ya kuweka chini ya matairi, mimi nimekanyaga breki mpaka mguu unatetemeka.

Spea ilikuja baada ya siku 40. Siku 40 nimepanda daladala na gari iko chini ya turubai. Gharama ya spea nililipa na nimeshaisahau. Zile siku ndizo zilizoniuma, kwa sababu kazi yangu inahitaji gari, na wateja wawili walihamia kwa mwenzangu. Kwenye hesabu yako, dada, siku hizo ziko mstari gani?

Dada wa Mbezi
Pole sana, kaka. Hazipo, na zinapaswa kuwepo. Hapo umenishinda.

Suka wa Sinza
Ulipoona inashtuka ungeipeleka kwa fundi mapema. Unaacha ugonjwa mwaka mzima halafu unalaumu Wajerumani.

Kaka wa Uyole
Niliipeleka kwa mafundi watatu. Mmoja alibadilisha plagi, mmoja alisafisha "throto", wa tatu alisema gari nzuri hii, tatizo ni dereva. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na mashine ya kusoma giaboksi ile. Usinihukumu hukuwepo.

Fundi wa Gerezani
Anayosema ni kweli, na inatuhusu sisi mafundi. Golf aliyoitaja mleta mada, ikiwa ni ile ya gia 7 za kujibadilisha, ina giaboksi ya DSG yenye klachi mbili kavu. VW wenyewe mwaka 2013 waliita yarudishwe kwao magari zaidi ya 380,000 China kwa ajili ya matatizo ya DSG. Klachi kavu haipendi foleni ya kusogea hatua moja moja kwenye joto, na Goba kwenda Posta asubuhi ni hiyo hiyo. Sisemi kila moja itakufa. Zipo zilizotunzwa zinatembea vizuri. Lakini ukimpelekea fundi aliyezoea IST, atabahatisha kwa hela yako.

Mnyalukolo
Mafundi wote mnasifia Toyota kwa sababu ndizo mnazozijua. Hata wewe.

Fundi wa Gerezani
Mzee wangu, sikatai. Ninachokijua ndicho ninachoweza kukuahidi.

Baba Nuru
Kwa hiyo tumekubaliana IST. Na namba D.

Mnyalukolo
Umeanza tena na namba!

Kijana wa Goba (mleta mada)
Nawashukuru wote, nimesoma kila neno. Leo baada ya kazi nilipita kwa wauzaji wote wawili. IST imeshauzwa. Jamaa alikuja asubuhi, akalipa milioni 11 na nusu bila kubishana, akaondoka nayo. Golf bado ipo palepale, tairi la nyuma kushoto limekaa chini na kwenye kioo cha mbele kuna vumbi mtu ameandika kwa kidole "inauzwa". Mwenyewe kanipigia hata sijafika nyumbani, anasema milioni 6. Kaka wa Uyole, habari ya Kitonga imenikaa kichwani, njia yangu ndiyo hiyo. Lakini sasa tofauti ni milioni 5 na nusu, na nikingoja IST nyingine sijui nitangoja mpaka lini. Fundi, ungekuwa wewe?

Fundi wa Gerezani
Nisingejibu kabla sijaipima. Nina kijana tunafanya naye kazi, ana mashine inayosoma giaboksi hiyo. Jumamosi saa moja asubuhi tukutane pale ilipo. Mwambie mwenye gari asiiwashe kabla hatujafika, nataka kuisikia ikiwaka ya baridi. Na hela iache nyumbani.