Waliowahi kukalia kiti cha chemsha bongo, tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, ukiwa kwenye kochi kila swali la runingani ni jepesi. Mshiriki akisitasita kidogo unampigia kelele, "Jamani, hata hilo!" Sasa nawataka wale waliowahi kukaa upande wa pili: shuleni, kazini, redioni, popote penye swali, kengele na macho ya watu. Ilikuwaje?

Nianze mimi, ingawa wangu ni uzoefu wa mtunga maswali. Kazini kwetu jukumu hilo huniangukia mimi, na nilichogundua ni kwamba swali gumu haliangushi watu. Likiwa gumu mtu anajua kuwa hajui, basi anafikiri au anapita. Linaloangusha ni lile ambalo jibu lisilo sahihi limeshakaa mlangoni. Uliza mji mkuu wa Australia: Sydney inatajwa kabla hujafunga mdomo, Canberra inakuja na majuto. Uliza sayari yenye joto kuliko zote: wote mbio kwa Utaridi kwa sababu ndiyo jirani wa Jua. Kumbe ni Zuhura, maana hewa yake nzito ya kabonidioksaidi haiachii joto litoke. Na jangwa kubwa kuliko yote? Anayesema Sahara namuuliza kama nilitaja neno "joto". Antaktika nayo ni jangwa, mvua na theluji yake ya mwaka ni kiduchu.

Haya, tiririkeni.

KengeleKwanza
Shuleni kapteni wetu alikuwa na kidole chepesi balaa. Msimamizi akaanza, "Mji mkuu wa Brazil..." Paa! Kengele. "Brasília!" Msimamizi akamwacha atabasamu kwanza, ndipo akamalizia: "...ulikuwa upi kabla ya mwaka 1960?" Wapinzani wakaokota Rio de Janeiro bila jasho. Kapteni mwenyewe hadi leo anasema aliibiwa.

Kwenye Jeopardy! ya Marekani hilo wamelidhibiti. Kitufe hakifanyi kazi mpaka mtangazaji amalize kusoma, na ukibonyeza mapema unafungiwa kwa robo sekunde. Inaonekana si kitu, ila mwenzako anakuwa ameshakupita.

MsaadaWaSimu
Mimi nilikuwa yule rafiki wa kupigiwa. Mdogo wangu kashiriki shindano la redio, wana utaratibu wa sekunde thelathini. Simu ikaita: "Kaka shikamoo, unanisikia?" Nakusikia. "Uko wapi, mbona kuna kelele?" Nimejifungia chumbani, soma swali! "Sawa, swali linasema hivi, naanza na machaguo au swali lenyewe?" Tuliishia kwenye chaguo B. Jibu nililijua, tena vizuri mno.

Ndiyo maana namheshimu yule John Carpenter, mtu wa kwanza kushinda dola milioni 1 kwenye Who Wants to Be a Millionaire? ya Marekani, mwaka 1999. Hakugusa msaada wowote hadi swali la mwisho, ndipo akaomba kumpigia baba yake. Na wala hakuomba jibu, alimwambia tu kwamba anakwenda kushinda. Akajibu Richard Nixon, ikawa kweli. Roho ya namna ile haipatikani vitabuni.

KuraYaUkumbi
Ushauri wa bure: msaada wa watazamaji utumie mapema, kwenye maswali ya mambo ya kila siku. Wasiojua hubahatisha na kura zao zinasambaa A hadi D, wanaojua wanarundikana sehemu moja, kwa hiyo hata wajuzi wachache wanaonekana. Ila kwa maswali kama ya mleta mada ukumbi utakuzika, kwa sababu hapo wote wanakosea kwa pamoja.

PlutoMilele
Langu ni malalamiko. Shindano fulani tuliulizwa sayari za mfumo wa Jua ni ngapi. Tukasema nane. Jaji kashika karatasi yake: tisa, mmekosa. Tukamweleza Pluto iliondolewa kwenye orodha mwaka 2006 na wanaastronomia wenyewe, kwamba sasa inaitwa sayari kibete. Akasema yeye anafuata karatasi! Tulipoiangalia baadaye, karatasi hiyohiyo ilikuwa bado na Swaziland, wakati nchi inaitwa Eswatini tangu 2018. Mtu kanakili kitabu cha zamani na hakugusa kitu.

Mleta mada
@PlutoMilele pole mkuu. Ndiyo maana maswali mengine natupa kabisa. Mji mkuu wa Kazakhstan ulikuwa Astana, 2019 ukaitwa Nur-Sultan, 2022 ukarudi Astana. Nani ana muda wa kufukuzana nao?

SiyoAkili
Samahani kwa kuharibu sherehe, lakini hii ni kukariri tu. Mwaka 2011 kompyuta ya IBM, Watson, iliwashinda Ken Jennings na Brad Rutter kwenye hiyohiyo Jeopardy! Jennings ndiye aliyeshinda michezo 74 mfululizo mwaka 2004. Kama mashine inaweza, akili iko wapi?

DadaMkubwa
@SiyoAkili umesahau kusema kwamba Watson hiyohiyo, kwenye swali la miji ya Marekani, ilijibu Toronto, mji wa Kanada.

Halafu si kila swali hujibiwa kwa kukariri. Binti yangu aliulizwa: mtu mzima ana mifupa 206, je, mtoto mchanga anayo michache au mingi zaidi? Hakuwahi kulisoma popote. Nilimwona akijipapasa utosi, midomo ikichezacheza. Akasema mingi, kwa kuwa fuvu la kichanga lina nafasi zinazobonyea, vipande vinaungana anavyokua. Wenzake wote walisema michache kwa sababu mtoto ni mdogo. Hapo amekariri nini?

SiyoAkili
Kwa huyo nimenyoosha mikono, dada. Ila wengi wetu ni miji mikuu tu.

KengeleKwanza
Tuchangamshe uzi basi. Nchi gani ina kanda nyingi za saa kuliko zote? Msiandike Urusi.

MsaadaWaSimu
Urusi.

DadaMkubwa
Ufaransa, kanda 12, ukihesabu maeneo yake ya ng'ambo, Karibi mpaka Pasifiki. Urusi ni 11.

MsaadaWaSimu
Nilikuwa bado nasoma swali.