Naombeni ushauri: dodoso la kupima haiba ya kimabavu limenikwamisha

Nyamwaga: Wakuu, habari za jioni. Nina dodoso la sentensi 20 la kupima haiba ya kimabavu, yaani tabia ya kumnyenyekea mkubwa na kuwa mkali kwa wengine. Nimelitafsiri kutoka kipimo F (F ni ya ufashisti) cha watafiti Adorno na wenzake, wa 1950. Nimelijaribu kwa watu wachache, karibu wote wametoka na alama za juu. Muda unaniishia. Nifanyeje?

Kitangiri: Kasoro iko kwenye kipimo chenyewe. Sentensi zote zinaelekea upande mmoja, kwa hiyo mwenye mazoea ya kuitikia "ndiyo" anapanda alama tu. Mwanasaikolojia Altemeyer wa Manitoba, Kanada, alilirekebisha hilo mwaka 1981: nusu zinaunga mkono utii, nusu zinaupinga. Kwa majibu ya 1 hadi 5, zile za kupinga unazigeuza, 6 toa jibu: aliyeandika 2 anapata 4. Halafu zichanganye, zisifuatane.

BintiChake: Tuanzie kwenye malezi jamani. Mtoto anachapwa kwa kuuliza "kwa nini", halafu tunashangaa akikua anaogopa kila mwenye cheo.

Kitangiri: Malezi yanapimika, dada. Watafiti Feldman na Stenner wanatumia jozi za sifa: mtoto awe mtii au ajitegemee? Awe na adabu au awe mdadisi? Lazima achague moja. Ukiuliza tu "watoto waheshimu wakubwa?", huku kwetu nani atakataa?

Chumvini: Nyamwaga, nani anagawa hayo madodoso? Yana majina?

Nyamwaga: Meneja wa kiwanda. Ndiyo, yana majina, atayatumia kuteua wasimamizi wa zamu. Lakini nimeahidi siri, na nakala 150 zimeshachapwa.

Chumvini: Hilo ndilo ulipaswa kuanza nalo! Mfanyakazi hapo anamjibu meneja, hajibu dodoso. Tena kipimo hiki kinapima zaidi mfuasi: kumnyenyekea mkubwa, kumshambulia yule aliyenyooshewa kidole na mkubwa, kushikilia desturi. Anayependa kundi moja liwe juu ya jingine ana kipimo chake, cha Pratto na Sidanius, 1994.

Nyamwaga: Haiba si ndiyo inayoamua atakavyowatendea walio chini yake?

Chumvini: Si peke yake. Kwenye jaribio la Milgram, Chuo Kikuu cha Yale, watu wa kawaida waliamriwa kumpiga mwenzao shoti za umeme (za kuigiza, wao hawakujua), na 26 kati ya 40 walifika volti 450. Mtoa amri alipoondoka chumbani na kuagiza kwa simu, utii ulishuka sana. Kagueni kwanza jinsi amri zinavyotolewa hapo kiwandani.

Msondo_2: Uzi wa kubuni huu. Mara "watu wachache", mara kiwanda, mara nakala 150. Huyu ndiye meneja mwenyewe, anatafuta wa kuwachuja.

BintiChake: Hata mimi nimeanza kushuku. Nyamwaga, jibu.

Nyamwaga: Mimi si meneja. Mwishoni nitaongeza mstari kwamba majibu ni siri.

Kitangiri: Uwe nani, kazi ni ileile. Kata sehemu ya jina kwenye nakala zote, weka sanduku lenye kufuli, ufunguo ubaki kwako. Meneja apewe wastani wa kiwanda kizima, asipewe alama za mtu wala za kikundi cha watu watatu wanne, maana atawajua.

Nyamwaga: Bila majina hatakubali.

Chumvini: Basi usimfanyie.